Mguu wa Baba na Siku za Mbwa

Beccles, 14 Julai 1662

Kwa mdogo wangu Barnaby Thurkettle, London.

Salamu zikufikie wewe na Hester, pamoja na kale katoto kenu Judith ambako sijakaona hata mara moja. Huku tupo. Robert wangu amewahi kukata majani ya ng'ombe kabla ya mvua. Jibini ya mwaka huu imetoka ngumu hata mbwa ameigusa kwa pua akaenda zake. Jirani yetu Mama Pallant amezika mume wa tatu, na Jumapili alikuja kanisani na kofia yenye utepe, kwa hiyo wa nne ajiandae.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu, maana unajua mimi na kalamu hatupatani.

Baba alipigwa teke na farasi jike wa mwenye kinu. Alikuwa anamjaribishia tandiko jipya, mnyama akashtuka, akamchapa kwenye ugoko. Ngozi ilichubuka tu, akaifunga kitambaa, akaendelea kushona matandiko yake. Baada ya siku chache ugoko ukavimba, ukawa mwekundu, unang'aa, ukiugusa unachoma. Nikamwita Bwana Girling, mpasuaji. Akabonyeza mara moja tu akasema, "Kuna usaha ndani. Nipasue sasa hivi, wiki ijayo mzee anatembea."

Nikaleta beseni na vitambaa. Baba akasema, "Ngojeni kwanza." Akachechemea mpaka kwenye ukuta wa mekoni, pale alipoitundika kwa msumari kalenda yako ya nyota, ile uliyochapisha huko London. Unaijua ile picha yako ya mtu uchi, wanyama wa nyota wamemng'ang'ania kila kiungo, Kondoo kichwani, Ng'e kule kwingine ambako wanawake wakipita wanachekea. Baba akaweka kidole kwenye ugoko wa yule mtu, kuona ni nyota gani. Ndoo. Akaangalia siku. Mwezi uko kwenye Ndoo. Akamgeukia Girling, "Mwanangu anasema chuma kisiguse kiungo ambacho Mwezi umekikalia. Rudi baadaye."

Girling akaenda kwa wagonjwa wake wa mji wa Bungay. Aliporudi, Baba alikuwa ameshafika ukurasa wa Julai, na pale umeandika kwamba Siku za Mbwa zimeingia, nyota ya Mbwa inachomoza na jua, damu inachemka mwilini, na mwenye akili timamu asitolewe damu, asinywe haluli ya kuharisha, asikubali kisu, mpaka zipite. Yaani mpaka mwisho wa Agosti! Barnaby, mguu wa mtu una usaha, utangoja Agosti?

Ninachotaka ni kidogo. Andika mstari mmoja kwa mkono wako, "Baba, mruhusu Girling apasue." Wewe atakusikia. Mimi ninayempikia na kumfulia hanisikii. Fanya haraka, mpe mchukuzi Utting, gari lake linatoka huko kila Ijumaa.

Dada yako,
Damaris Nunn


London, 24 Julai 1662

Kwa dada yangu Damaris.

Nakusalimu wewe na shemeji Robert. Barua yako imenikuta nina wino mpaka viwikoni. Kalenda ya mwaka kesho inatakiwa kwa mchapaji, na safari hii jina langu litachapwa kwa wino mwekundu, jambo ambalo nadhani litamfurahisha Baba. Hester anakohoa kidogo. Judith anaota meno na amegeuka kuwa kama mbwa wa mlinzi, kila mkono unaopita anauma. Joto la London halisemeki, na mto unanuka vibaya.

Nimesikitika sana kuhusu Baba. Lakini dada, nisikilize bila kunikatiza, maana hata nikiwa huku naisikia sauti yako ikinikatiza.

Maneno yale sikuyaota usingizini. Wakubwa wa elimu hii wameyasema tangu zamani, na mimi nimeyaandika kwa ajili ya watu wote wa Uingereza. Unataka niwaambie watu wote jambo moja, halafu nimwandikie baba yangu jambo jingine? Baba atamwonyesha barua hiyo kila anayekuja kununua hatamu. Kabla ya Jumapili Beccles yote itasema Thurkettle anatengua neno lake mwenyewe. Huku nina wapinzani wa kunitosha, hawana kazi ila kunivizia nijikwae.

Na huyo Girling. Umesahau baba yake? Mimi sijasahau. Wewe ulikuwa umeshaolewa, mimi ndiye niliyekuwepo. Asubuhi Mama alikuwa amesimama anakanda unga, analalamika kichwa. Mzee Girling akaja, akamfungua mshipa bila kuuliza siku wala Mwezi, akajaza beseni mbili, akasema atalala vizuri. Alilala kweli. Kwa hiyo usiniletee habari za akina Girling na visu vyao.

Fanya hivi. Chukua majani ya mlanga, yale ya kutibu vidonda, nta na mafuta ya nguruwe, uyapike pamoja, umpake Baba asubuhi na jioni. Majani yachumwe saa ya sayari Mshtarii, ndiyo yatakuwa na nguvu. Mwambie namwombea.

Mdogo wako,
Barnaby


Beccles, 3 Agosti 1662

Barnaby,

Robert anakusalimu. Ng'ombe mweupe amezaa ndama wawili. Hizo ndizo habari njema, zimekwisha.

Nimekuomba mstari mmoja, umeniletea mafuta ya nguruwe. Saa ya Mshtarii! Mimi saa ya Mshtarii niko zizini nakamua, halafu niko mekoni, halafu nimepiga magoti namfunua baba yako mguu unaonuka. Huo ndio unajimu wangu. Nimechuma majani yako nilipopata nafasi, nikayapika, nikampaka. Usaha haukuyaogopa. Sasa uvimbe umepanda hadi chini ya goti, na ngozi ya ugokoni imeanza kubadilika rangi.

Na unajua kinachonikata maini? Furaha yake. Barua yako ilipofika aliikumbatia. Maandishi ya chapa anayasoma, ya mkono hayamwelei, kwa hiyo nilimsomea mimi, naye kila nikifika kwenye jina lako la wino mwekundu ananiambia rudia. Mguu umelala juu ya kigoda kama gogo, yeye anacheka peke yake, "Wino mwekundu, binti, umesikia?" Nimesikia, Baba. Ningekuwa na huo wino hapa ningeumwaga kisimani.

Nilifikiri kumdanganya. Nilifikiri nisome mstari usiokuwamo, niseme Barnaby anasema upasuliwe. Nikafungua mdomo nikashindwa. Mzee yule ananijua ninapodanganya tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kuhusu Mama usinifundishe. Mama alikuwa na kichwa, hakuwa na jipu. Kumtoa mtu damu ya bure ni jambo moja, kumtoa usaha uliomjaa ni jambo jingine, na hilo hata Robert analijua, na Robert hajui mengi. Girling huyu si baba yake, kama wewe usivyo baba yako. Baba yako kila tandiko aliloshona, mteja akilirudisha yeye husema, "Lete, nimekosea." Neno hilo moja tu ndilo ninalokuomba, na wewe huna habari.

Andika ule mstari.

Damaris


London, 11 Agosti 1662

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe ufupi. Hongera ya ndama. Nimepokea ukali wako wote na nimeuweka kando, maana najua umechoka.

Hapa tulikuwa na roho juu wiki iliyopita. Judith aliota uvimbe chini ya taya, ukawa mkubwa kama yai la bata, mtoto hanyonyi, hali, analia mpaka sauti inakauka. Hester hakungoja, alimwita mpasuaji wa mtaa wetu Alhamisi asubuhi, akaupasua, ukatoka uchafu mwingi usioaminika. Kufikia jioni mtoto amekula mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na leo ananivuta ndevu. Mungu ni mwema kwetu.

Sasa kuhusu Baba. Niletee saa aliyozaliwa, au angalau kama ilikuwa kabla au baada ya kengele ya asubuhi, nimpigie hesabu yake peke yake. Nitamtafutia siku iliyo njema kabisa. Mwambie avumilie, na asile nyama ya chumvi.

Mdogo wako anayekupenda,
Barnaby


Beccles, 19 Agosti 1662

Ebo!

Hivi wewe huwa unasoma unachoandika kabla ya kukunja karatasi? Sitakusalimu. Salamu namtumia mtoto, namshukuru Mungu kwamba amepona, na namshukuru Hester ambaye inaonekana ndiye mwenye akili peke yake katika nyumba hiyo. Lakini wewe! Alhamisi ya wiki ile! Nyota ya Mbwa ilikuwa imeenda wapi Alhamisi, kwenye harusi? Au Siku za Mbwa zimeletwa kwa ajili yetu sisi washamba wa Suffolk, na huko London mnapasua tu mnapojisikia?

Mwanao akiwa na jipu, kisu asubuhi hiyohiyo. Baba yako akiwa na jipu, saa ya Mshtarii. Una macho makavu, Barnaby.

Na nikuambie, barua nimeisoma kwa sauti. Baba alikuwa hapo mekoni na mguu wake juu ya kigoda, akaniambia soma, na mimi sikujua kilichomo mpaka kilipokuwa kimeshatoka mdomoni. Nilipofika kwa mtoto na mpasuaji akasema, "Rudia pale." Nikarudia. Akauliza, "Alhamisi ipi hiyo?" Nikamwambia. Akaanza kukwaruza ule ukingo wa kigoda kwa ukucha. Nikasema moyoni, asante Mungu, sasa ameona. Nikatoka mbio kumwita Girling, naye akaja na mkoba wake.

Girling akafunua, akanusa, akafunika. Akasema, "Mzee, leo mguu huu bado naweza kukuachia. Ukinizungusha mpaka Septemba, siahidi." Hayo ni maneno yake yote.

Baba akamtazama yule mtu wako wa uchi ukutani, kisha akanitazama mimi, akasema, "Anga la London ni jingine. Mwanangu anajua anachofanya. Nitangoja siku zipite."

Barnaby, nilimpigia kelele baba yangu mzazi. Nilimwita mzee mjinga mbele ya mgeni. Nilimwambia kwamba mwanawe ni mpiga domo anayejaza kurasa, na kwamba atakufa kwa ajili ya ukurasa wa Julai. Aliniomba maji ya kunywa.

Sasa hivi, hapo ulipo, chukua kalamu. Usinipigie hesabu yoyote. Andika kwamba Siku za Mbwa hazimhusu, au umekosea, au umelogwa, chagua uongo unaoupenda. Gari la Utting linarudi Ijumaa. Nipe kitu cha kumsomea.

Damaris


London, 27 Agosti 1662

Damaris,

Nani alikupa ruhusa ya kusoma barua zangu kwa sauti mbele ya watu? Nimekuandikia wewe. Mambo ya nyumba yangu, ya mke wangu na mtoto wangu, unayatangaza mekoni halafu unamwita na mpasuaji aje asikie! Tangu utotoni ndivyo ulivyo. Sina siri mbele yako ambayo haikufika sokoni kabla yangu.

Unaniuliza nyota ilikuwa wapi. Yule ni mtoto! Alikuwa hapumui. Ulitaka nifanye nini, nikae nahesabu sayari huku anabadilika rangi mikononi mwa mama yake? Wewe ungefanya?

Tena utambue kwamba watoto wadogo wako chini ya Mwezi kuliko jua, na taya ni la nyota ya Ng'ombe, wala si la Ndoo, kwa hiyo kesi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Mtu asiyesoma hawezi kuelewa na sikulaumu.

Unasema niandike kwamba nimekosea. Unalisema kirahisi kwa sababu wewe jina lako halijachapwa popote. Mchapaji amenipa mwaka huu tu wa kujaribiwa. Wino mwekundu huo unaotaka kuumwaga kisimani ndio mkate wa Judith. Barua yenye mkono wangu inayosema ukurasa wangu ni upuuzi, ikianguka Beccles leo, wapinzani wangu wanayo London kabla ya mavuno kuisha. Siandiki.

Lakini sijamtupa baba yangu, usije ukanisingizia. Nimekesha na hesabu yake. Siku za Mbwa zinakwisha sasa. Jumatano tarehe 3 Septemba, saa tatu asubuhi, Mwezi utakuwa mbali na Ndoo na Mshtarii atakuwa anautazama vizuri. Hiyo ndiyo siku. Nimeiandika kwenye karatasi tofauti, kwa herufi kubwa za chapa, aisome mwenyewe. Mpe.

Barnaby


Beccles, 6 Septemba 1662

Kwa Barnaby.

Baba yu hai.

Jumatano aliamka mapema akanyoa ndevu. Alitaka koti lake la Jumapili, nikampa. Karatasi yako ilikuwa mkononi, ameikunja vizuri. Saa tatu Girling akaingia na watu wanne, nikajiuliza wanne wa nini kwa jipu. Akafunua mguu. Alikuwa ametoa kile kisu kidogo, akakirudisha kwenye mkoba, akatoa msumeno.

Juu ya goti.

Nimejaribu kuandika yaliyofuata na nimechana karatasi. Sitayaandika. Robert alikuwa mmoja wa wale wanne na mpaka leo hali chakula.

Homa ilimpanda siku ya pili, leo imeshuka. Girling anasema akiimaliza wiki hii atapona. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba Julai ilikuwa kazi ya kisu kidogo na kikombe cha bia.

Damaris


London, 18 Septemba 1662

Dada yangu mpendwa,

Tumesoma barua yako, Hester amelia, na mimi nimepiga magoti nikamshukuru Mungu. Yu hai! Katika umri wake! Watu wa nguvu zao wanakufa kwa kukatwa kidole. Tafadhali mfikishie unga mweupe na sukari kidogo niliyompa Utting, pamoja na soksi moja ya sufu aliyofuma Hester.

Nimeshindwa kujua niandike nini kuhusu mguu, basi siandiki.

Lakini Utting ameniambia jambo lililonigusa. Anasema Baba anakaa mlangoni mwa duka, blanketi mapajani, na kila anayepita anamwambia kwamba mwanawe alimchagulia siku na saa, na ndiyo sababu yu hai. Anasema watu wameanza kuulizia kalenda yangu mpaka Bungay.

Kuna jambo dogo. Mchapaji amesikia pia, maana Utting hana kufuli mdomoni. Anasema ukurasa wa mwisho wa kalenda ya mwaka kesho una nafasi, na ushuhuda wa mtu aliyeponywa kwa siku iliyochaguliwa ungenithibitishia kazi. Naomba umwandikishe Baba maneno machache. Yawe ya kwake mwenyewe, wewe umsaidie kuyapanga. Si lazima mtaje msumeno. Sema "alipasuliwa". Kuhusu Julai pia si lazima.

Najua una hasira na mimi. Ninachokuomba si kwa ajili yangu tu, na Baba mwenyewe atapenda, hilo unalijua. Inatakiwa kabla ya mwisho wa Oktoba.

Ndugu yako,
Barnaby


Beccles, 4 Oktoba 1662

Barnaby,

Baba anakusalimu. Hester mwambie soksi imemfaa. Robert ameanza kula.

Barua yako niliisoma kimya kwanza, nimejifunza. Nilikusudia kuitia motoni. Nilikuwa nimeshaisogeza kwenye makaa, Baba akauliza, "Mdogo wako anasemaje?" Nikamwambia yote, pamoja na "si lazima mtaje msumeno", kwa sababu nilitaka akuone ulivyo. Akacheka. Akasema, "Leta kalamu." Haya ndiyo maneno yake, sikumsaidia kupanga hata moja:

"Mimi Ambrose Thurkettle, mtengeneza matandiko wa Beccles, nilipigwa teke na farasi nikaumwa vibaya. Mwanangu Barnaby alinichagulia siku na saa, nikaifuata, na niko hai. Kitabu chake ni kizuri, watu wakinunue. Mungu ambariki yeye na mkewe Hester, na taya la mtoto lipone lisiache kovu."

Nikamwambia, "Baba, habari ya taya haihusiki humu. Hiki ni kitu cha kuchapwa." Akasema, "Iache." Nikamwambia, "Hutaki watu waulize taya la nani na lilipasuliwa lini." Akasema, "Aha, kweli, basi ifute." Lakini alisema haraka mno. Nikaweka kalamu chini.

Nilimuuliza, "Baba, ulielewa siku ile nilipokusomea?"

Akajifanya kurekebisha blanketi. Nikamuuliza tena, na unajua mimi nikishika neno siliachi. Akasema, "Binti, mimi mzee, lakini si mjinga kama ulivyoniita. Nyota ya Mbwa ni moja. Iliyo juu ya London ndiyo hiyohiyo iliyo juu ya ng'ombe wako."

"Sasa mbona Girling alikuwa amesimama hapo, kisu mkononi, anakuambia mguu bado unaokoka, ukamfukuza?"

Nilikuwa napiga kelele tena. Yeye alinijibu polepole kama anavyomweleza mteja bei. Akasema, "Girling angetoka hapa, Mama Pallant angejua. Mama Pallant akijua, Jumapili kanisa zima linajua kwamba Ambrose Thurkettle amefunguliwa mguu katikati ya Siku za Mbwa, kitabu cha mwanawe kikiwa ukutani. Baba mzazi hamwamini, nani mwingine atamwamini? Na kazi nyingine yule hajui. Nilimfundisha kushona tandiko akajitoboa vidole vyote. Ana mke, ana mtoto aliyetoka kuugua. Mimi nimebakiza miaka mingapi ya kutembea? Nilidhani mguu utavumilia kidogo. Haukuvumilia, basi."

Basi! Hivyo ndivyo alivyosema, na mkono wake umeshika pale kwenye blanketi ambapo hapana kitu.

Nilitoka nje nikakaa zizini mpaka ng'ombe wakanishangaa. Nilikuwa nimemwita mjinga mbele ya watu, naye aliniomba maji.

Niliporudi akaniambia, "Usimwambie Barnaby. Ataona haya, na mtu akishaona haya mkono unamtetemeka, hataweza kuandika tena." Akanitaka niahidi. Sikuahidi, nilimwambia nakwenda kuchochea moto.

Ushuhuda ni huo. Alama yake iko chini, ameiweka kwa hiari na kwa mkono usiotetemeka. Uchape ukitaka, sitakuzuia wala sitamwambia mtu.

Niliambiwa nisikuambie. Nimekuambia. Ona haya.

Damaris